Biodizeli ya mafuta ya chipsi: vipimo, hatua, makosa, na inachofanya hewani

#1 Kaanga_Safi

Wakuu, habari za majukumu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenye karakana, wenye jenereta, na vikundi vinavyokusanya mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika. Kwa mgeni: biodizeli ni mafuta ya kupikia yaliyopikwa kwa methanoli (aina ya alkoholi yenye sumu) na kichocheo cha kostiki, mpaka yawe mepesi ya kuendeshea injini ya dizeli na gliserini nzito ijitenge chini. Maswali ni mengi, na baadhi ya majibu yanayozunguka WhatsApp ni ya hatari. Nitaeleza kwa kipimo cha lita 100 za mafuta, wenye ujuzi mwongezee.

Msimamo wangu nauweka mapema: biodizeli iliyopikwa nusunusu ni mbaya kuliko dizeli ya kituoni, kwa injini na kwa mapafu ya jirani. Asiye na mizani, kipimajoto na subira ya usiku mzima auze mafuta yake kwa anayeweza.

Tuanze na chanzo. Vibanda vingi vya chipsi havina mafuta ya kutoa, kwa sababu mafuta mapya huongezwa juu ya ya zamani mpaka yaishe, na kinachobaki chini ni machicha meusi. Lita za maana ziko hotelini, kwenye kantini za vyuo na kwa watengenezaji wa krispi. Wape ndoo zenye kifuniko na uwaombe jambo moja tu: maji ya kuoshea vyombo yasiingie humo.

Maji ndiyo adui wa kwanza. Chuja makombo kwa kitambaa, pasha mafuta hadi nyuzi 60, yaache yatulie saa 24 kwenye pipa lenye valvu chini kabisa, kisha fungua valvu utoe maji na tope. Baada ya hapo pandisha joto hadi nyuzi 105 au 110, pipa likiwa wazi, ukizungusha kwa pampu mpaka mapovu yaishe. Kipimo cha haraka: dondosha tone kwenye kikaango cha moto. Likitatarika, maji bado yamo. Ukiruka hatua hii, maji yatavunja mafuta kuwa asidi huru, asidi itakula kichocheo chako, na utakachopata ni sabuni.

Watu hudhani kupasha mafuta kunahitaji moto mkubwa. Piga hesabu: lita 100 ni kama kilo 92, na kila kilo inahitaji takriban kilojuli 2 kwa kila nyuzi moja. Kutoka nyuzi 25 hadi 60 ni megajuli 6.4, yaani chini ya uniti 2 za umeme. Hadi nyuzi 105 ni kama uniti 4, ongeza kidogo kwa joto linalopotea. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuwasha magogo, au mipira chakavu kama wafanyavyo wengine, ili kutengeneza mafuta tunayosema ni safi. Funga pipa kwa sufi ya glasi, joto litakaa.

#2 Nuru_wa_Maabara

Ahsante kwa kuanza na maji, mkuu. Niongeze titresheni, yaani kupima asidi huru iliyomo kwenye mafuta ili ujue kichocheo cha kuongeza, maana hapo ndipo wengi wanapokisia na kuharibu pipa zima.

Yeyusha gramu 1 ya kostiki potashi, ile ile utakayopikia, kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Kwenye glasi nyingine weka mililita 10 za alkoholi ya isopropili na mililita 1 ya mafuta, pima kwa sirinji na wala usikadirie kwa macho, kisha matone 2 ya fenolftalini, dawa inayobadili rangi asidi inapoisha. Dondosha maji ya potashi kidogo kidogo huku ukitikisa, mpaka rangi ya waridi itokee na ikae sekunde 15. Mililita ulizotumia ndizo gramu za ziada kwa kila lita ya mafuta.

Potashi safi kabisa inahitajika gramu 7 kwa lita hata kama mafuta ni mapya. Ya dukani mara nyingi ni ya asilimia 85 hadi 90, kwa hiyo gawanya. Kwa ya asilimia 90, 7 gawanya kwa 0.9 ni 7.8. Kama titresheni imetoa 2.5, jumla ni gramu 10.3 kwa lita, na kwa lita 100 ni kilo 1.03. Hiyo 2.5 usiigawanye tena, kwa sababu umepima kwa potashi ile ile na udhaifu wake umeshahesabiwa.

Kila mililita moja ya titresheni ni sawa na takriban asilimia 0.55 ya asidi huru. Ukipata 1 hadi 3, mafuta ni mazuri. Ikifika 5 au zaidi, usiyapike peke yake.

#3 Mwanakijiji_Kilosa

Dada Nuru, fenolftalini huku hatuipati. Kuna mbadala? Na kostiki soda ya watengeneza sabuni haiwezi kutumika?

#4 Nuru_wa_Maabara

Manjano ya jikoni yanafaa. Loweka unga wake kwenye alkoholi, chuja, tumia matone 4 au 5. Rangi inatoka njano hadi nyekundu iliyoiva kwenye pH ya 8.5 hivi, karibu kabisa na pale inapobadilikia fenolftalini. Fanya mara tatu, chukua wastani.

Soda inafaa pia. Msingi wake ni gramu 5 kwa lita badala ya 7, na titresheni uifanye kwa maji ya soda hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba soda huyeyuka polepole kwenye methanoli, na gliserini yake ikipoa inaganda chini ya pipa na kuziba valvu. Potashi inabaki majimaji. Kwa anayeanza, potashi. Iwe soda au potashi, funga mfuko mara moja baada ya kupima: zote mbili hunyonya unyevu na kaboni dioksidi ya hewani, na mfuko ulioachwa wazi wiki nzima pwani umeshapungua nguvu.

#5 Kaanga_Safi

Safi kabisa. Kuhusu mafuta ya titresheni kubwa kuna njia mbili rahisi. Changanya na mafuta mazuri mpaka wastani ushuke chini ya 4. Au tumia gliserini ya pipa lililopita: bado ina potashi na methanoli, hivyo ukiizungusha na mafuta machafu kwa nyuzi 60 kwa saa moja kisha ukaiacha ijitenge, inaondoka na sehemu kubwa ya asidi huru na maji yaliyobaki. Pima upya baada ya hapo. Zipo pia njia za asidi ya salfuriki, lakini sizipendekezi kwa karakana ya uani.

Sasa kupika. Kwa lita 100 za mafuta makavu unahitaji lita 22 za methanoli. Kikemia zinazotumika ni kama lita 12 na nusu, hizo nyingine ni za kusukuma mmenyuko uende mbele. Ukipunguza hadi lita 15 ili kuokoa hela, unabaki na mafuta yasiyobadilika ndani ya biodizeli, na hayo huwezi kuyaosha kwa maji.

Yeyusha potashi ndani ya methanoli kwenye chombo cha plastiki ngumu ya HDPE chenye kifuniko. Itapata joto yenyewe. Usitumie aluminiamu, kostiki inaila na kutoa haidrojeni. Pasha mafuta hadi nyuzi 60, ZIMA koili ya umeme, ndipo uingize mchanganyiko. Methanoli inachemka kwa nyuzi 64.7, kwa hiyo ukipita hapo unajaza mvuke kwenye pipa.

Nenda kwa awamu mbili. Ingiza asilimia 80 ya mchanganyiko, zungusha kwa pampu saa moja, tuliza saa moja, toa gliserini chini. Kisha ingiza asilimia 20 iliyobaki, zungusha saa moja tena, acha usiku kucha. Mmenyuko huu unaweza kurudi nyuma, na gliserini ikiwa bado imo inauzuia kumalizika. Ukiitoa katikati, ile asilimia 20 inafanya kazi ambayo hata potashi ya ziada isingeifanya kwa mkupuo mmoja.

Kisha pima: mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli safi, tikisa, acha dakika 10. Yakionekana matone ya mafuta chini ya glasi, mmenyuko haukuisha, rudia awamu ya pili. Kwa waliopo Dar, Tanga na Mombasa: poza methanoli ya kipimo hadi nyuzi 20 kwenye ndoo ya barafu. Kwa nyuzi 32 methanoli inayeyusha mafuta mengi zaidi, na pipa bovu litaonekana zuri.

#6 Zimamoto_Mstaafu

Kabla hamjaendelea, wanangu, tusimame kwenye methanoli.

Mwako wake mchana hauonekani. Mtu anaungua na aliye pembeni haoni moto. Mvuke wake unashika moto hata kwenye joto la nyuzi 12, maana yake kila siku ya mwaka hapa kwetu uko tayari. Pipa liwe limefungwa, na bomba lake la kupumulia litoke nje ya jengo kupitia kipozeshi, yaani koili ya kupoza mvuke urudi kuwa majimaji. Mota ya pampu iwe ile isiyotoa cheche, swichi ziwe mbali na mlango. Msipikie ndani ya nyumba ya kuishi, wala kwenye kontena lililofungwa. Kizimamoto kiwe cha unga mkavu au povu linalostahimili alkoholi.

Methanoli inaingia pia kupitia ngozi, na inapofusha. Vaa glovu za butili, na glovu ikilowa ibadilishe. Barakoa zenye kichujio cha makaa mnazoziona madukani hazizuii mvuke wa methanoli kwa muda wa maana, kinga yenu ni hewa inayopita na pipa lililofungwa. Aliyeimeza, hata kidogo, apelekwe hospitali saa ile ile. Dalili za macho huchelewa kwa saa nyingi, msingoje zionekane.

#7 Kilimo_na_Magari

Shikamoo mzee, na ahsante. Swali langu kwa mafundi: kwa nini tujisumbue na kemia hii yote? Gari la zamani, mfano Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, si unachuja mafuta vizuri na kumimina kwenye tangi? Nimeona watu wanaendesha.

#8 Fundi_Pampu_Mwanza

Wanaendesha, mkuu, kwa muda. Kwa nyuzi 40 mafuta ya kupikia yana mnato wa 35 hadi 40, dizeli ni 2 hadi 4.5, biodizeli iliyoiva ni 4 hadi 5. Nozeli imetengenezwa kupuliza ukungu. Ukiipa mafuta mazito inatoa mchirizi, mchirizi unapiga ukuta wa silinda bila kuungua, kaboni inajenga kwenye ncha ya nozeli, ringi za pistoni zinashika kwenye mifereji yake, na mafuta yasiyoungua yanashuka kwenye oili ya injini na kuigeuza nzito. Gari litawaka asubuhi kwa moshi mweupe unaowasha macho. Kinachowasha ni akrolini, ile ile inayotoka kwenye kikaango kilichoungua. Wengine hufunga tangi la pili na kupasha mafuta kwa maji ya rejeta hadi nyuzi 70 na zaidi, hiyo ni kazi nyingine, na injini bado iwashwe na kuzimwa kwa dizeli.

Kwa magari ya komoni reli, yenye mfumo wa kisasa wa kupuliza mafuta kwa presha kubwa, yaani sehemu kubwa ya Hiace zinazoingia siku hizi, sahau kabisa mafuta mabichi. Hata biodizeli usizidishe asilimia 20. Kwa yenye chujio la masizi kwenye ekzosi, angalia kijiti cha oili kila wiki. Gari hilo hupuliza mafuta ya ziada ili kuchoma masizi, dizeli inayoteleza hadi kwenye oili huvukizwa na joto la injini, biodizeli haivukizwi kirahisi, na kimo cha oili kinapanda.

#9 Mazingira_Kwanza

Naomba niingie kwenye hewa, kwa sababu nusu ya wanaotengeneza biodizeli wanasema "haina moshi" na kuishia hapo.

Moshi wa dizeli una vitu vingi na kila kimoja kina njia yake ya kudhuru. Chembechembe laini, PM2.5, zinafika kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliteremsha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Juni 2012 chombo chake cha utafiti wa saratani, IARC, kiliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi meusi yenyewe hunyonya joto la jua yakiwa hewani.

Biodizeli ina oksijeni ndani ya molekuli yake, kama asilimia 11 kwa uzito, na karibu haina salfa. Ndiyo maana masizi yanapungua. Uchambuzi wa EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, wa mwaka 2002, kwa injini kubwa za kizazi kile, ulionyesha hivi kwa mchanganyiko wa asilimia 20, yaani B20: chembechembe zinapungua asilimia 10, kaboni monoksidi 11, hidrokaboni zisizoungua 21, na oksidi za naitrojeni, NOx, zinaongezeka asilimia 2. Kwa biodizeli tupu chembechembe zinapungua karibu nusu, lakini NOx inapanda kama asilimia 10. Injini mpya zenye vichujio na vichocheo vya ekzosi hazionyeshi tofauti kubwa hivyo. Kwetu, ambako injini za kizazi hicho bado zinabeba mizigo na kuzungusha mashine za kusaga, takwimu hizi bado zina maana.

Hiyo NOx si ya kupuuzwa. Ikikutana na mivuke ya hidrokaboni chini ya jua kali inazaa ozoni, na ozoni ya huku chini ni sumu. Inaingia kwenye jani kupitia vitundu vya kupumulia na kuharibu seli zinazotengeneza chakula cha mmea. Maharage ni kati ya mazao yanayoumia haraka: majani yanapata madoa ya rangi ya shaba upande wa juu na kuanguka mapema, mkulima anadhani ni ugonjwa na kununua dawa. Ngano na soya hupoteza mavuno hata bila madoa kuonekana. NOx inayobaki inageuka asidi ya naitriki, inashuka na mvua, inaongeza tindikali kwenye udongo na naitrojeni kwenye maji. Ziwa Victoria tayari linapokea sehemu kubwa ya fosforasi yake kutoka angani, kwa vumbi na moshi wa kuchoma nyasi na misitu, halihitaji rutuba nyingine ya kulisha magugu na mwani.

Kuhusu salfa tuseme ukweli: nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Kwa hiyo faida ya biodizeli kwenye salfa si kubwa kama ilivyokuwa zamani. Faida iliyobaki ni masizi na kaboni. Na kwenye kaboni, kila kitu kinategemea mafuta yametoka wapi.

#10 Kilimo_na_Magari

Hapo kwenye yametoka wapi: mbono (jatrofa) je? Hauliwi na mtu, unaota penye ukame.

#11 Mazingira_Kwanza

Mbono ulijaribiwa kwa mashamba makubwa Kisarawe na Kilwa miaka ya 2000, ardhi ya vijiji ikachukuliwa, na miradi ikasimama kabla ya kutoa mafuta ya maana. Kuota penye ukame si kuzaa penye ukame. Ukitaka mbegu za kukamua unahitaji maji, mbolea na mikono ya kuchuma, kwa sababu matunda hayaivi kwa wakati mmoja. Kama ua la kuzungushia boma sawa. Kama shamba, unashindana na mahindi.

Na mafuta mapya ya mawese ni mabaya zaidi kama yametoka kwenye msitu uliokatwa, maana kaboni iliyotoka kwenye msitu huo, na hasa kwenye ardhi ya mboji iliyokaushwa, huchukua miongo kulipwa. Mafuta yaliyokwisha kukaanga hayadai ardhi mpya. Hiyo ndiyo sababu ninayakubali, na ndiyo sababu nitampinga yeyote atakayetaka kununua mafuta mapya ya kula ili ajaze pipa lake.

Jambo moja kwa wapishi wote wa humu. Lita 22 za methanoli zinaingia, lita 12 na nusu zinatumika. Zile 9 na nusu ukiziacha zipeperuke uani, umepeleka hewani mvuke unaosaidia kutengeneza ozoni ile ile, na ukivutwa na watoto wa jirani ni sumu. Kipozeshi si pambo.

#12 Kaanga_Safi

Naunga mkono, na kifedha pia ndivyo. Zaidi ya nusu ya methanoli iliyobaki iko ndani ya gliserini, kwa hiyo anzia huko. Pasha gliserini kwenye chombo cha chuma kilichofungwa, mvuke upite kwenye koili ya shaba ndani ya pipa la maji baridi. Hapo shaba inaruhusiwa, haigusi mafuta ya kuhifadhi. Mvuke unaanza kutoka gliserini ikiwa kama nyuzi 70, unapungua kadiri unavyopanda kuelekea 100. Methanoli inayopatikana ina maji kidogo. Pima uzito wake: safi ni kilo 0.79 kwa lita kwa nyuzi 20, ikifika 0.82 ina maji kama asilimia 10 na haifai kupikia tena bila kutoneshwa upya.

#13 Sabuni_na_Zaidi

Kwenye kuosha ndipo ninapokwama. Nikinyunyiza maji, pipa zima linageuka jeupe zito na halijitengi hata siku tatu.

#14 Nuru_wa_Maabara

Una sabuni nyingi, au mafuta yasiyobadilika, au vyote viwili. Kwanza rudi kwenye kipimo cha 3 kwa 27. Kikikataa, kuosha hakutakusaidia, kausha na upike upya kwa methanoli na potashi kidogo.

Kikipita, basi ni sabuni na mkono mzito. Maji ya kwanza yawe ya nyuzi 50, asilimia 10 ya ujazo, yanyunyizwe juu kama ukungu bila kukoroga chochote, yashuke yenyewe, yatolewe. Maji ya pili unaweza kuzungusha taratibu. Ya tatu ndiyo ya kukoroga sawasawa. Jumla lita 30 kwa lita 100 zinatosha. Umemaliza pale maji yanayotoka yanapofanana na yaliyoingia, kwa macho na kwa karatasi ya pH.

Pipa lililokwisha kuvurugika lipashe hadi nyuzi 60 na uongeze maji ya chumvi ya moto. Watu wengi hukimbilia siki. Siki inatenganisha, ni kweli, lakini inafanya hivyo kwa kuvunja sabuni kuwa asidi huru, na asidi hiyo inabaki ndani ya biodizeli yako na kula pampu. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinaruhusu miligramu 0.5 tu za potashi kwa gramu. Siki iwe ya mwisho.

Ukaushaji: pasha hadi nyuzi 55, zungusha kwa kupuliza juu ya pipa lililo wazi penye feni mpaka ing'ae. Ipoze hadi joto la asubuhi. Ikifanya ukungu, bado. Ikibaki angavu, hiyo ni hatua tu, haijawa cheti, kwa sababu biodizeli inaweza kushika maji ya sehemu 1,500 kwa milioni bila kuonekana, na kiwango kinachokubalika ni 500. Endelea saa moja zaidi baada ya kung'aa. Hakikisha methanoli imeshatolewa kabla hujaweka feni hapo.

#15 Zimamoto_Mstaafu

Sentensi ya mwisho ya dada Nuru isomwe mara mbili.

#16 Sabuni_na_Zaidi

Nimeelewa, ahsante sana dada. Na hayo maji ya kuoshea namwaga wapi? Gliserini nayo?

#17 Mazingira_Kwanza

Si mtaroni. Maji hayo yana sabuni, potashi na methanoli, na bakteria wanaoyala hutumia oksijeni yote ya kijito, samaki wanakufa kwa kukosa hewa. Maji ya safari ya tatu yatumie kuwa ya kwanza kwa pipa linalofuata. Yaliyobaki weka kwenye tangi, rekebisha pH hadi 7 au 8, engua mafuta yanayoelea, kisha yaingize kidogo kidogo kwenye mboji au mtambo wa biogesi. Bakteria wa biogesi huipenda gliserini pia, ila isizidi asilimia chache za malisho ya siku, la sivyo mtambo unachacha na gesi kukoma.

Gliserini ya potashi iliyotolewa methanoli inafaa kwenye mboji, potasiamu ni rutuba. Ya soda ifanye sabuni ya kusugulia sakafu na kunawia mikono yenye grisi. Msiichome kwenye jiko la wazi. Moto usio mkali wa kutosha unaigeuza akrolini, na tutakuwa tumehamisha moshi kutoka kwenye ekzosi hadi jikoni, ambako kuni na mkaa tayari vinaumiza akina mama na watoto.

#18 Kamau_wa_Limuru

Habari zenu ndugu. Huku kwetu Julai asubuhi ni baridi kali. Biodizeli ya rafiki yangu iligeuka mafuta mazito kwenye mtungi. Ameharibu kitu?

#19 Fundi_Pampu_Mwanza

Hajaharibu. Mafuta mengi ya kukaangia katika nchi zetu ni ya mawese, na biodizeli ya mawese huanza kufanya ukungu wa nta kwenye nyuzi 13 hadi 16. Ya alizeti huvumilia hadi karibu sifuri. Limuru, Makete, Njombe, msitumie tupu msimu wa baridi. Changanya B10 au B20, na mchanganyiko ufanyike vyote vikiwa na joto, nta ikishaganda haiyeyuki kirahisi kwenye dizeli baridi. Akiona ukungu unaoondoka ukipashwa, ni nta. Ukibaki palepale, ni maji.

Kwa wote mnaoanza: biodizeli inasafisha uchafu wa miaka kwenye tangi na kuupeleka kwenye filta. Nunueni filta mbili za akiba kwa matangi mawili ya kwanza. Mipira ya zamani ya asili na ya naitraili inavimba na kuvujisha mafuta, badilisheni kwa Viton, aina ya mpira sugu. Mtaona pia lita moja inakwenda pungufu kidogo, nishati yake iko chini ya dizeli kwa kama asilimia 8.

Muda wa nozeli kupuliza mafuta (taimingi) kwenye pampu za kimakanika unawahi kidogo kwa sababu biodizeli haibanwi kirahisi, na hiyo ni sehemu ya NOx aliyoeleza mkuu wa mazingira. Kwa B20 msiguse taimingi. Anayetumia tupu anaweza kuichelewesha nyuzi 1 au 2 za mzunguko wa injini, si zaidi, maana ukizidisha masizi yanarudi.

#20 Mwanakijiji_Kilosa

La mwisho kwangu: inakaa muda gani, na kwenye pipa gani? Tuna mapipa ya mabati yaliyopakwa zinki.

#21 Kaanga_Safi

Hayo yaacheni, mkuu. Zinki, shaba na shaba nyeupe huharakisha biodizeli kuchacha, inatoa harufu ya rangi ya mafuta, asidi inapanda, gundi inajijenga kwenye filta. Tumieni chuma cha kawaida kisicho na kutu, au HDPE nene isiyopitisha mwanga. Jazeni hadi juu ili hewa iwe ndogo, wekeni kivulini, toeni maji chini kila mwezi kwa sababu bakteria na kuvu huishi pale maji yanapokutana na mafuta. Kwa joto la Kilosa pikeni cha kutumia ndani ya miezi 3. Andikeni tarehe, titresheni na matokeo ya 3 kwa 27 juu ya kila pipa, na pipa lisilo na maandishi hayo lisiingie kwenye gari la mtu.

Kesho nitaweka vipimo vya kipozeshi: urefu wa koili, kipenyo, na kiasi cha maji kwa lita 10 za methanoli. Mwenye mchoro wa pipa lenye kitako cha koni auweke hapa, gliserini inatoka vizuri zaidi kuliko kwenye pipa la kitako bapa.